Akaunti zinafungwa kila Jumatatu: nilegeze sheria?

SWALI: Mimi ndiye msimamizi wa mfumo ofisini kwetu, tuko watu kama themanini. Niliweka sheria zinazojiendesha zenyewe: nywila ibadilishwe kila siku 30, na anayekosea mara tatu afungiwe akaunti mpaka nimfungulie mimi. Sasa kila Jumatatu asubuhi simu yangu haipoi. Juzi aliyefungiwa ni mkurugenzi, naye anataka sheria zote ziondolewe. Nikubali?
Msimamizi Mchovu

JIBU: Pole, ndugu yangu. Usikubali, ila hizo mbili zibadilishe leo hii.

Siku 30 kwanza. Mtu akilazimishwa kubadilisha nywila kila mwezi hasumbuki: 7 ya mwishoni anaigeuza 8, basi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri tangu 2017 kwamba nywila isibadilishwe kwa kufuata kalenda, bali pakiwa na dalili kuwa imevuja. Badala ya tarehe, weka sheria inayokataa nywila fupi na zile ambazo tayari zimo kwenye orodha za nywila zilizovuja.

Kufunga akaunti ndiko kwenye kazi. Mara tatu ni chache mno. Mara nyingi anayekosea wala si mtu: ni simu yake, bado inavuta barua pepe kwa nywila ya zamani, inamfungia akaunti kabla hajakaa kitini. Zaidi ya hapo, yeyote anayelijua jina la mkurugenzi la kuingilia anaweza kumfungia nje kwa makusudi, bila kuijua nywila yake. Na mwizi mzoefu humkamati kwa sheria hiyo. Anachukua nywila moja rahisi, anaijaribu mara moja tu kwenye kila akaunti, zote themanini. Hakuna akaunti inayofika mara tatu, na wewe unalala usingizi.

Kwa hiyo hesabu makosa kwa anwani ya IP pia (namba inayoonyesha jaribio limetoka mtandao gani), si kwa akaunti peke yake. Kwenye seva za Linux, programu ya Fail2ban hufanya hivyo: isipobadilishwa, huzuia anwani iliyokosea mara 5 ndani ya dakika 10, kwa dakika 10 nyingine. Anwani ya ofisi yenu iweke kwenye orodha ya zisizozuiwa, la sivyo mmoja akikosea mtazuiwa nyote. Akaunti nayo ifungwe baada ya makosa 10, kisha ijifungue yenyewe baada ya robo saa. Simu yako itapumzika.

Uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kisha namba ya siri ya muda, usiusahau, ukianza na mkurugenzi na wenye mamlaka ya usimamizi. Mimi napendelea programu ya simu inayotoa tarakimu sita kila sekunde 30 kuliko ujumbe mfupi, maana laini huibwa.

Kabla ya kuwasha sheria yoyote mpya, iache wiki mbili iandike tu ingemzuia nani, bila kumzuia mtu. Tenga pia akaunti moja ya dharura isiyoguswa na sheria hizi, nywila yake ndefu ikae kwenye bahasha ndani ya sefu, na ikitumika tu upate taarifa papo hapo.

Kwa mkurugenzi, nenda na kumbukumbu za mfumo za Jumatatu zilizopita, uone makosa yake yalitoka kwenye kifaa gani. Nashuku ni ile simu yake ya pili.