Matanga ya askari ambaye mwili wake haukurudi

Dada, umeuliza kama inafaa kufanya matanga ya mdogo wako askari ilhali mwili wake haujaonekana. Sisi hapa Goma tulifanya. Mdogo wangu, mwenye miaka 22, aliuawa upande wa Kibumba mwezi Oktoba 2013, siku zile FARDC, jeshi la Kongo, walipokuwa wakiwarudisha nyuma waasi wa M23 kuelekea Rutshuru, na hata vita hivyo vilipomalizika mwanzoni mwa Novemba hatukuletewa mwili wala barua.

Mama alitandika kitenge juu ya meza, akaweka picha na kofia aliyoiacha likizoni, ambayo ukingo wake wa ndani ulikuwa bado na mstari mweupe wa chumvi ya jasho. Hakukubali ifuliwe, na mpaka leo haijafuliwa. Wazee walitaka tuchimbe kaburi tupu. Mimi nilipinga (anayejua mawe ya volkano ya huku atanielewa), tukaliandika jina lake kwenye msalaba wa babu.

Kama ameacha mjane, tunzeni namba ya kijeshi ya mdogo wako, maana ndiyo mtakayoulizwa kwanza mtakapofuatilia haki za mjane.