Mama alifunga vyote, safari hakuifunga

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwandishi wa hadithi fupi akirudiarudia neno lile lile na kupachika "na" na "halafu" kila mahali, ni fundi au ni mvivu? Mimi si mwalimu wa fasihi. Nina kibanda cha steshenari hapa Dodoma, jirani na chuo, nachapa kazi za wanafunzi na kulipwa kwa ukurasa. Takriri, yaani huko kurudiarudia, inaniongezea kipato, mlijue hilo kabla hamjaniamini.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja aliniletea hadithi aliyoiandika kwa mkono. Kipande hiki ameniruhusu kukinukuu:

"Mama aliamka alfajiri. Akafunga mlango wa nyuma. Akafunga mzigo. Akafunga kanga kiunoni. Lakini safari hakuifunga. Aliketi juu ya mzigo, na jua likapanda, na treni ikapita, na jua likashuka."

Nilipofika "hakuifunga" vidole vilisimama vyenyewe. Nikarudi juu kusoma tena.

Angalieni alichokifanya. Kwetu mtu hufunga mlango, hufunga mzigo, hufunga kanga, na safari nayo hufungwa. Baada ya "akafunga" ya tatu, msikilizaji yeyote wa Kiswahili ameshaimalizia ya nne kichwani: akafunga safari. Kijana anajua tumeshaimalizia, ndiyo maana "lakini" yake anaiweka hapo hapo mlangoni. Kisha anaitanguliza "safari" mbele ya kitenzi, ili tuisikie kabla hatujanyang'anywa. Bila ile takriri, "lakini" isingekuwa na cha kuvunja. Na ukurasa mzima hakuna "lakini" nyingine. Angeziweka tano, zingekuwa honi za bodaboda anayepiga kila kona, mwishowe hakuna anayegeuka.

Halafu zile "na". Ukitaka kuwa mkali wa sarufi utasema hazihitajiki, maana "-ka-" tayari imebeba mfuatano tumboni mwake: likapanda, ikapita, likashuka, inatosha. Ni kweli. Lakini soma kwa sauti. Kila "na" inakupumzisha kidogo, na treni haipewi ukubwa kuliko jua. Treni aliyoifungia mzigo inapita kama vile wingu linapita. Tena "na" haitoi sababu. Angeandika "kwa sababu", tungejua kwa nini mama hakuondoka, tukaendelea na mambo yetu. "Na" inatuacha tumeketi naye pale juu ya mzigo.

Bibi yangu wa Mvumi alikuwa akitusimulia ngano huku tunabangua karanga, na mtu wake wa hadithi hakuwahi kwenda mara moja. "Akaenda, akaenda, akaendaaa." Utotoni nilidhani anatafuta cha kusema. Nilipokua nikatembea kwa miguu kwenye tambarare zile, ambako kilima unakiona asubuhi na saa sita bado kiko mbele yako, nikaelewa kwamba "akaenda" moja isingemfikisha.

Sisemi kila kurudia ni ufundi. Nimechapa hadithi yenye "ghafla" tisa katika kurasa nne. Kufikia ya tano hata simba angetokea nisingeshtuka. "Ambaye" juu ya "ambaye" ni uzembe tu. Na "halafu" wengi huitumia kama gundi, bila kuuliza kama kuna kiunganishi kinachofaa zaidi. "Akala, halafu akalia" ni mambo mawili yaliyofuatana. "Alipomaliza kula ndipo akalia": hapo kilio kilikuwa kinasubiri zamu yake, na mimi nataka kujua alikizuia kwa ajili ya nani mezani. "Wala" nayo ina kazi yake. "Hakusema, wala hakulia, wala hakuinuka": kila "wala" inafunga mlango mmoja.

Wiki mbili baadaye kijana alirudi. Aliyemsahihishia alikuwa amekata "akafunga" mbili kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: umerudia. Nikachapa upya kama alivyoelekezwa:

"Mama aliamka alfajiri, akafunga mlango wa nyuma, mzigo na kanga, lakini hakusafiri. Aliketi hadi treni ikapita na jua likazama."

Hakuna kosa hata moja. Ila "na" sasa inahesabu vitu, kama orodha ya dukani. Kanga imekuwa kitu cha tatu, wakati mwanzoni ilikuwa mwanamke anayejikaza kiuno. "Lakini" haimshtui mtu, kwa sababu hakuna aliyeandaliwa kusubiri chochote. Kurasa nazo zilipungua, nikalipwa pungufu.

Nakala ya kwanza sijaifuta kwenye kompyuta. Nimemwambia siku akiitaka aje, sitamchaji.