Kabla ya matokeo, soma daftari la mahudhurio

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti wiki hii, karibu sana. Umeshakabidhiwa vipindi, umeonyeshwa karatasi ya matokeo ya mwaka jana, na bila shaka kuna mtu ameshakunong'oneza: "Watoto wa huku hawasomi." Mimi niliambiwa hivyohivyo miaka tisa iliyopita, nikaamini mihula miwili mizima. Nakuandikia ili wewe usiipoteze mihula hiyo.

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara. Maji ni ya shida, korosho ndiyo sare na paa la nyumba.

Karatasi ya matokeo isome, ila usianzie kwenye wastani. Chukua darasa la watoto 40: 20 wamepata alama 60, 20 wamepata 16. Wastani ni 38, yaani D, na mle ndani hakuna mtoto hata mmoja aliyepata D. Ukiwafundisha kama darasa la D, nusu utawachosha na nusu utawaacha njiani. Asilimia ya ufaulu nayo iangalie kwa makini, maana inahesabu kuanzia divisheni I, ya juu kabisa, hadi IV, na IV mtoto anaipata kwa D mbili tu. Shule inaweza kusifiwa kikaoni kwa ufaulu mkubwa huku wanaokwenda kidato cha tano wakihesabika kwa vidole.

Utaambiwa pia kwamba zamani shule ilikuwa inafaulisha. Uliza zamani walisoma akina nani. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Kabla ya hapo ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango. Ilipoondolewa, waliingia watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Ukilinganisha matokeo ya kabla na ya baada, unalinganisha watoto tofauti, halafu lawama unamtwisha mwalimu.

Sasa fungua daftari la mahudhurio. Mimi nilinunua kaunta buku, nikachora safu: umri, jinsi, kitongoji anachotoka, anaishi na nani, shule ya msingi aliyosoma. Pembeni nikaweka alama zake na siku alizokosa. Kazi ile ilinila jioni nne, na sijawahi kufanya kazi ya shule iliyonifaa kuliko hiyo. Darasa nililokuwa naliita "wazito" liligawanyika mbele ya macho yangu. Kulikuwa na wanaotoka vitongoji vya mbali, ambao karibu wote walikosa kipindi cha kwanza. Kulikuwa na wanaokaa geto, vyumba vya kupanga bila mzazi, wanaojipikia wenyewe. Kulikuwa na wasichana ambao kiangazi hawaonekani mpaka ndoo za nyumbani zijae. Na Oktoba daftari lilijaa mapengo, kwa sababu korosho zinaanguka na kila mkono unahitajika shambani. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Tangu mwaka ule namaliza mada nzito kabla ya Agosti kwisha; Oktoba naiacha kwa marudio, anayekosa asikose jambo jipya.

Safu ya shule ya msingi nusura niiache, nikiona haina maana. Ndiyo iliyonifundisha zaidi. Karibu wote walisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Kulikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye maswali ya mafumbo ya hisabati aliyaacha wazi, karatasi nyeupe kabisa, wakati milinganyo alikuwa anaipata. Siku moja nilimwita akae karibu na meza yangu, nikamwekea swali alilokuwa ameliruka. Alilitazama, kalamu imesimama. Nikamsomea kwa Kiswahili: mkulima ana kilo 450 za korosho, ameuza theluthi mbili, na katika zilizobaki amempa dada yake theluthi moja, dada kapata ngapi? Sijamaliza kuvuta kiti, akasema, "Hamsini, mwalimu." Hakuandika popote. Babu yake huenda naye ghalani msimu wa mauzo, na yeye ndiye anayesoma mizani. Mihula miwili nilimpa F ya hisabati, kumbe nilikuwa nampima neno la Kiingereza lenye maana ya "kilichobaki".

Usiikimbie lugha ya mtihani kwa sababu hiyo, maana NECTA, baraza la mitihani la taifa, haitamsomea mtu kwa Kiswahili. Ninachofanya ni kuandika ubaoni maneno kumi ya mada kabla sijagusa hesabu, wakayaeleza kwa Kiswahili chao, kisha tukatunga swali kwa Kiingereza pamoja. Linakula dakika kumi na tano. Zitoe.

Ninaloliogopa kwako ni moja. Ukishajua habari zao, ni rahisi kusema "huyu wa geto, atatoka wapi?" Hapo kaunta buku limegeuka hukumu. Na habari hizo usizitafute mbele za watu. Mimi niliwahi kuwaambia wanaokaa peke yao wasimame darasani. Kijana mmoja alibaki amekaa, macho kwenye dawati, na wiki ile hakurudi. Nilimfuata mwenyewe hadi chumbani kwake kumwomba radhi; nilikuta jiko la mafiga matatu, sufuria moja, na madaftari yake yamefungwa kwenye mfuko wa rambo yasilowe. Waulize mmoja mmoja, mkitembea, au wakikusaidia kubeba madaftari.

Jambo la mwisho ni la wiki hii hii. Hisabati ya mkondo wangu ilikuwa kipindi cha kwanza, saa 2:00 asubuhi, wakati wa mbali bado wako njiani. Nilipomwonyesha mtaaluma, mwalimu anayepanga ratiba, safu ya vitongoji na safu ya siku walizokosa, alikihamishia baada ya mapumziko bila ubishi. Ratiba ya muhula inabandikwa Ijumaa. Kamwone kabla haijabandikwa, na uende na daftari mkononi.