Stika za zamani kwenye Honda 50: fundi anajibu

Shikamoo fundi. Nimerithi Honda 50 nyekundu ya babu. Bodi yote ya nyuma imejaa stika za usalama barabarani za miaka mingi. Nianze na nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Anza kwa kuficha kiwembe. Kisha osha kwa maji na sabuni, maana mchanga ukibaki utakwangua rangi kila unaposugua. Chukua drai ya saluni, ishike umbali wa shubiri moja, uizungushe bila kutulia mahali pamoja. Bati likifika joto ambalo kiganja bado kinalivumilia, gundi imeshalegea. Inua pembe kwa ukucha au kadi ya benki iliyokwisha muda, halafu vuta taratibu, stika ikijikunja kurudi nyuma ilikotoka. Usiivute kwenda juu. Rangi isiyoshika vizuri itaondoka nayo. Ikigoma, usishindane nayo, ongeza joto kidogo.

Za karatasi ni rahisi. Zifunike kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nenda kanywe chai, ukirudi zimekuwa uji.

Stika imetoka, gundi imebaki na inakamata vumbi. Rafiki ananishauri petroli. (Msomaji, Morogoro)

Mwambie aanze na pikipiki yake. Wewe lowesha kitambaa kwa mafuta ya kupikia, kilaze juu ya gundi nusu saa, futa, osha kwa sabuni. Ikibaki, tumia mafuta ya taa kidogo, injini ikiwa imepoa na moto uwe mbali. Spiriti iwe ya mwisho, na uijaribu kwanza chini ya kiti pasipoonekana. Pikipiki nyingi za umri huu zimeshapigwa rangi ya kopo mtaani, na rangi hiyo spiriti huweza kuiyeyusha, petroli vilevile. Kitambaa kikitoka na rangi, simama hapo hapo.

Kwenye kinga ya miguu naweza kupitisha tina, ile ya kuzimulia rangi? (Msomaji, Mombasa)

La. Kinga hiyo ni plastiki tangu Super Cub (ndiyo hii Honda 50 yetu) ya kwanza ya 1958, na plastiki iliyopigwa jua miaka yote hiyo hupasuka ukiibonyeza. Hata drai usiikaribishe sana. Iegeshe juani saa nne asubuhi, kisha mafuta ya kupikia.

Nimetoa stika, pamebaki umbo lake, jekundu kuliko kwingine. (Msomaji, Dodoma)

Hapo chini ndipo rangi halisi ilipo. Kwingine kumechujuka kwa jua. Ng'arisha kwa polishi ya gari ule upande uliofifia, si umbo lenyewe, kwa mkono na kitambaa laini. Wekundu kwenye kitambaa ni kawaida kwa rangi isiyo na klia (tabaka angavu la juu), lakini kwenye kingo za bati rangi ni nyembamba, kwa hiyo huko pita juu juu tu.

Kuna stika ya duka lililoiuza. Niitoe? (Msomaji, Zanzibar)

Iache. Ukishindwa kabisa kuivumilia, ipige picha na uipime kwa rula kwanza.