Video mbili tu, kumbe ni saa nane usiku

Ndugu yangu wa Umoja, umesema unajilaza saa nne usiku kuangalia video mbili tu kwenye simu, ukija kushtuka ni saa nane, na saa kumi na moja unatakiwa stejini kupanda matatu ya tauni. Nakuelewa kabisa. Mimi nilisinzia kazini hadi msimamizi akaniita pembeni.

Usijilaumu sana. Mtindo wa ukurasa usio na mwisho, ule wa mambo mapya kujileta yenyewe kila ukishuka chini, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, mbunifu wa programu za kompyuta, ambaye baadaye alikiri kuujutia. Awali ukifika chini ulibonyeza ili uendelee, na hapo ndipo akili ilipata nafasi ya kuuliza saa. Nafasi hiyo haipo tena, kwa hiyo itengeneze mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kuacha simu sebuleni kwenye chaja na kununua saa ya kengele. (Usiniambie simu ndiyo hukuamsha, kisingizio hicho nilikitumia miaka miwili.) Pia nilirudi kwenye bando ndogo, maana Wi-Fi ya ploti ndiyo iliyonimaliza. Kikomo cha muda kwenye mipangilio ya simu kipo, kijaribu, ingawa mimi nilikizima kwa kidole kimoja.

Lakini kama unakesha kwa sababu ukizima simu mawazo yanakuvamia, hilo si suala la chaja. Muone mshauri nasaha, au fika Mathari, hospitali ya afya ya akili hapa Nairobi. Puuza utani wa mtaani kuhusu hospitali hiyo.