Muulize Fundi wa Boti: Sakafu inabonyea, tezi inacheza

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya mwendo kasi ya faiba, futi 17, ya miaka ya 1980, iliyokuwa imeachwa uani kwa mtu hapa Tanga. Umbo lake zima na chini ni faiba tupu, lakini sakafu inabonyea nikikanyaga, na mashine ikifungwa kule tezi, yaani nyuma ya boti, ubao unacheza. Nimetoboa na keekee nikakuta plaiwudi ya ndani imeoza. Fundi mmoja ameniambia ninunue marine board ya dukani, wa pili anataka mbao za mvule, na binamu yangu aliyeko Muscat anasema niachane na mbao kabisa, yeye ataniletea povu. Nitafunga mashine ya hosi pawa 60. Nimsikilize nani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote watatu wamekujibu kana kwamba boti nzima ni kitu kimoja, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kiini, yaani kile kinachokaa katikati ya ngozi mbili za faiba, cha kwenye tezi kina kazi yake, cha sakafuni kina yake, na kile kilichofunikwa ndani ya mihimili ya urefu iliyo chini ya sakafu karibu hakina kazi yoyote. Ukinunua mali moja ukaitumia kote, mahali fulani utakuwa umetupa hela na mahali pengine umeihatarisha mashine.

Nianze na tezi, maana ndiko kwenye mzigo. Mashine inaning'inia pale, na kila ukiongeza mafuta inausukuma ubao mbele huku bolti zikiubana pande zote mbili. Unachohitaji ni kiini kisichobonyea kikibanwa. Povu la PVC la kilo 80 kwa mita ya ujazo, ambalo nadhani ndilo analolizungumzia binamu yako, ni zuri sana mahali pengine, lakini hapa litadidimia chini ya wosha, bolti zitalegea, na maji yatapata njia. Yapo mabamba ya povu zito la poliyurithani lililotiwa nyuzi za kioo, kama Coosa. Hayaozi, na yale mazito yanastahimili bolti. Binamu yako akiyapata kwa bei mnayoiweza, achukue ya tezi peke yake. Akiyakosa, plaiwudi halisi ya boti inafanya kazi hiyo vizuri kabisa: vipande viwili vya milimita 18, vigandishwe kiwe kimoja, kingo zote zinyweshwe epoksi, aina ya resini, yaani gundi ya maji inayoganda, mpaka zikatae kunywa.

Sasa hiyo marine board. Hapa naomba unisikilize sana, kwa sababu jina limewaponza wengi. Ubao ule wenye ngozi laini nyeusi au ya kahawia unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi umetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Ngozi ile imewekwa makusudi ili saruji isishike, na resini nayo haitashika. Hata ukiikwangua yote kwa greinda, tazama ubavu wa ubao: mara nyingi utaona mapengo baina ya matabaka. Kila pengo ni chumba cha maji. Plaiwudi ya boti ina alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, nyuso zake ni mbao tupu, na ubavu wake umejaa. Ila alama hupigwa hata pasipostahili, kwa hiyo usiiamini peke yake. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Matabaka yakianza kuachana, mrudishie mwenye duka mali yake.

Mvule ni mti wa heshima na sitausema vibaya. Kwenye jahazi la mbao una mahali pake. Lakini mbao nzima hupanuka na kusinyaa kwa upana kila unyevu unapobadilika, na faiba haiko tayari kuifuata. Ukiifungia humo, mwishowe faiba itabanduka au itapasuka. Tena mvule una mafuta yake ya asili yanayofanya gundi isishike vizuri. Mwambie fundi wako wa pili ahsante.

Sakafu ndipo povu la PVC linapolipa. Huko mzigo ni nyayo za watu, umetawanyika, na kazi ya kiini ni kuzitenganisha ngozi mbili za faiba tu. Ngozi zikiwa mbali, ubao unakuwa mgumu bila kuwa mzito. Piga hesabu: plaiwudi ya milimita 12, futi 8 kwa 4, ina uzito wa kilo kama 18, wakati povu la kilo 80 lenye milimita 20 kwa ukubwa huohuo halifiki kilo 5. Utaongeza faiba na resini juu na chini, lakini bado boti itakushukuru ikianza kupaa juu ya maji. Popote utakapofunga kiti au kishikizo, kata povu hapo uweke plaiwudi au faiba nene. Sakafu iwe ya rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, maana sitaha ya rangi iliyokolea kwenye jua la Tanga hupata joto la kulainisha povu la PVC. Hela ikikaza, plaiwudi ya boti ya milimita 12 inatosha, na hutakuwa umefanya kosa.

Ukisikia habari za balsa, ni mti mwepesi unaokatwa nyuzi zikasimama wima, na kwa kubanwa una nguvu kulishinda povu jepesi. Kwa boti itakayotobolewa mashimo na kila mtu atakayeipanda, siushauri. Maji yakiingia unaoza.

Mihimili ya urefu usiihangaikie. Pale kiini ni umbo la kufunika faiba juu yake, na nguvu yote iko kwenye faiba yenyewe. Povu jepesi linatosha. Tahadhari yangu ni moja: usichukue lile jeupe la maboksi ya samaki ukalipaka resini ya poliesta. Litayeyuka mbele ya macho yako. Dondoshea tone kwenye kipande kidogo ujionee.

Kabla ya kukata chochote, ilaze boti kwenye vitanda vya mbao vinavyoshika umbo lake, iwe sawa kwa pima maji, ndipo ung'oe. Boti iliyoondolewa sakafu na mihimili inalegea, na ukiifunga upya ikiwa imepinda itapinda milele. Tezi ifungulie kwa ndani, uache ngozi ya nje nzima. Plaiwudi iliyooza itatoka kama machicha ya nazi. Kwangua mpaka ufikie faiba kavu inayotoa vumbi jeupe, na vaa barakoa ya maana, si kitambaa.

Resini ya poliesta ni rahisi na boti yako ilijengwa nayo, lakini kwenye mbao epoksi inashika zaidi. Tezi ningeifanya kwa epoksi hata kama sakafu utaifanya kwa poliesta. Ukishaanza mahali na epoksi, endelea nayo hapohapo, poliesta haishiki vizuri juu yake. Na usitumie mkeka wa kawaida wa nyuzi za kioo na epoksi, tumia kitambaa cha nyuzi hizo kilichoshonwa, kwa sababu gundi ya mkeka huo huyeyushwa na poliesta tu.

Sasa mashimo, maana ndiyo yaliyoiua boti yako. Bolti ya milimita 12, toboa tundu la milimita 20, lijaze epoksi iliyokolezwa unga wa silika, ikishakauka toboa tena milimita 12 katikati yake. Hivyo bolti haigusi kiini hata kidogo. Silikoni peke yake hudumu misimu michache. Wengi hudhani chumvi ndiyo inayoozesha, kumbe kuvu wa kuozesha mbao hustawi kwenye maji matamu. Boti yako imeozeshwa na mvua iliyotuama uani.

SWALI: Fundi, kwenye boti yangu hapa Mwanza nataka kupulizia povu la makopo chini ya sakafu yote ili isizame. Ni sawa? — Mvuvi

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Povu la makopo hunyonya maji taratibu na kuyashikilia, na wewe uko ziwani, maji matamu. Kama ni la kuelea, tafuta povu la kumimina ambalo vitundu vyake vya ndani vimefungika, maji yasipite, acha njia ya maji kupita mpaka kwenye ngama, pale chini yanapokusanyikia, na weka kifuniko cha ukaguzi kila upande. Boti ikiwa nchi kavu, nyanyua omo na uchomoe kizibo.