Shimo la mboji kwa udongo wa kichuguu? Soma hapa kabla hujashindilia

Mkuu, weka chepe chini kwanza. Unataka kushindilia udongo wa kichuguu uwe sakafu ya shimo la mboji, unauliza unene wake, gharama, na kama utie saruji, halafu unasema udongo wako wa kichuguu "umepimwa ukafaulu". Umepimwa kwa maji gani? Ya bomba. Sasa shimo la mboji linachuruzika maji ya bomba?

Wangu nao ulifaulu. Mtaalamu wangu, kalamu tatu mfukoni, alinipa karatasi yenye muhuri: mfinyanzi upo wa kutosha, ukishindiliwa haupitishi maji. Kweli tupu. Ila hakuuliza udongo ule utalala chini ya nini. Nikashindilia sakafu nzima, nikajaza majani mabichi na maganda ya matunda, nikawa natembeza wageni kuja kuona.

Mwanzoni shimo linakudanganya. Utelezi wa vijidudu huziba vitundu vya udongo, kwa hiyo majimaji yanavuja kidogo kuliko ulivyotegemea. Chini ya utelezi huo shughuli inaendelea. Taka mbichi zikichacha hutoa tindikali, ikiwemo ileile ya siki, na pH ya majimaji (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu unazidi) inaweza kushuka hadi 4 au 5. Kama kichuguu chako kina chembe za chokaa, zinayeyuka, na zilikuwa sehemu ya gundi. Uozo uliojipenyeza nao unang'ang'ania maji, udongo unalegea. Nilipoondoa lundo, msumari niliousukuma kwa kidole gumba ulizama wote, mahali ambapo zamani nyundo ilikuwa inadunda. Nikavunja sakafu yote, nikachimba na ardhi ya chini iliyolowa, nikalipa vibarua mara ya pili. Mtaalamu eti: "Hukuniambia ni mboji." Bwana wee, nilikuja ofisini kwako viatu vinanuka mboji!

Udongo upimwe kwa majimaji yatakayougusa. Ozesha taka zako kwenye ndoo, chuja. Chukua makopo mawili, toboa chini, shindilia udongo uleule wenye unyevu uleule (usichanganye gamba la nje la kichuguu na udongo wa ndani, haufanani). Moja jaza maji safi, jingine majimaji ya taka, na uwe unayabadilisha yakipoa ukali. Acha wiki kadhaa, si usiku mmoja. Linganisha yanayodondoka, kisha choma msumari kote kuwili.

Ukienda maabara, waambie kipande cha CBR (kipimo cha nguvu ya udongo ulioshindiliwa kubeba mzigo), ambacho kwa kawaida hulowekwa maji siku 4, kilowekwe majimaji yako, na siku ziongezwe. Watakukodolea macho. Waache wakodoe, hela ni yako.

Na jamaa atakayekwambia "tia chokaa, yataisha": chokaa inaushika mfinyanzi sawasawa pH ikiwa juu, kama 12.4 hivi, na tindikali ya mimea inaivuta chini. Saruji nayo, sukari ya mimea inaichelewesha kuganda. Ukitaka kutia chokaa au saruji, ijaribu kwanza kwenye yale makopo yote mawili.